Saini Isiyovumilia Hata Nafasi Moja

Tuseme wakala wa forodha mjini Mtwara anamwandikia mwenzake wa Palma kuhusu mzigo wa kuvushwa Kilambo. Barua ni ya Kiswahili, maana lugha inaeleweka pande zote mbili za Mto Ruvuma, na ndani yake kuna neno “Moçambique” na neno “ng’ambo”. Anaitia saini ya kidijitali, anaituma. Hapo kutia saini ndiyo kazi rahisi. Kazi ni kuifikisha barua bila baiti hata moja kuguswa njiani.

Saini ya aina hii haijui maana ya maneno. Programu inakokotoa muhtasari wa baiti za ujumbe, kisha inautia saini kwa ufunguo wa siri wa mtumaji. Nafasi tupu ikipotea mwishoni mwa mstari, hesabu hazilingani tena na mpokeaji anapewa onyo, hata kama yeye haoni tofauti yoyote. Na barua pepe hupita mikono mingi. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, aliouandika Jon Postel mwaka 1982 ulijengwa juu ya herufi za biti 7, na mpaka leo mstari hautakiwi kuzidi herufi 998. Zipo seva zilizokuwa zikifyeka nafasi za mwisho wa mstari. Nyingine, zikikuta mstari unaoanza na neno From, huuchomekea alama ya > mbele.

Ndiyo maana mpangilio ni kusimba kwanza, yaani kuziandika baiti zenye hatari kwa herufi za kawaida, na kutia saini baadaye. Hati ya viwango vya intaneti RFC 1847 ya mwaka 1995 iliigawa barua sehemu mbili, ujumbe na saini yake; RFC 3156 ya mwaka 2001 ikaeleza namna mfumo wa saini wa PGP unavyotumia mgawanyo huo. Herufi ç inageuzwa =C3=A7. Nafasi ya mwisho wa mstari inakuwa =20. From inaandikwa =46rom, na seva haina tena cha kuchokonoa. Alama ya = yenyewe inakuwa =3D. Mpokeaji naye hukagua saini juu ya maandishi hayo hayo yaliyosimbwa, kabla ya kuyarudisha katika sura ya kusomeka.

Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake zote zinaingia kwenye biti 7. Kinachoponza ni ng’: simu au Word ikiipinda ile alama ya juu, alama moja inasafiri kama =E2=80=99, herufi tisa.

Viambatisho husimbwa kwa Base64, baiti 3 kuwa herufi 4, hivyo hati ya MB 3 husafiri ikiwa imezidi MB 4.

Wanaopokea barua za S/MIME, mfumo mwingine wa saini, huweza kukuta kiambatisho kiitwacho smime.p7s na wengine hukifuta wakidhani ni kirusi. Ndiyo saini yenyewe. Kikiwa smime.p7m, huenda ujumbe wote umefungwa humo, na programu isiyoijua S/MIME haitausoma. Kwa ofisi zinazoandikiana na wageni, naona heri saini ya aina ya kwanza, ya smime.p7s.

Jambo moja linasahaulika: kwa kawaida saini hulinda ujumbe na viambatisho, si mstari wa Mada. Mtu akiubadilisha njiani, ukaguzi bado utasema saini ni halali. Kwa hiyo bei, namba ya akaunti na idadi ya magunia ya korosho viandike ndani ya barua.