Sifa za Fundi wa Jukwaa

Tukisifu upimaji wa nchi tunasifu chombo na mwenye chombo. Aliyekitafutia chombo pa kusimama tunamsahau. Kati ya 1931 na 1933 Mwingereza Martin Hotine alisimamia upimaji wa Tanganyika ya magharibi kuufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 30, sehemu ya mlolongo wa pembetatu wa kutoka Afrika Kusini hadi Misri uliokamilika 1954. Jina lake limebaki. Ya waliobeba mizigo na kukata miti ni nadra kuyakuta. Lakini hesabu inawatetea: theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, ikipotoka sekunde moja tu ya pembe, alama iliyo umbali wa kilomita 50 huonekana imehama sentimita 24, na stendi iliyotikisika inatosha kuleta kosa hilo.

Ndiyo maana palipohitajika kuinuka juu ya miti, wapimaji wa zama hizo walijenga majukwaa mawili, moja ndani ya jingine, yasiyogusana popote: la ndani libebe chombo, la nje libebe mtu. Mtu huhamisha mguu, huinama kuandika. Yote hayo yaishie kwenye mbao zake. Jua nalo likipasha nguzo za upande mmoja, jukwaa hujikunja, hivyo walipenda kupima usiku kwa kulenga taa. Kwenye mbuga kama Katisunga, hapa Katavi, udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na mguu uliochomekwa juujuu hauwezi kutulia. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kazi hii yote ilijengwa ili ibomolewe. Fundi alikaza kila kiungo akijua kesho miti ile itakuwa kuni, na hakulegeza.

Watasema setilaiti zimeyafuta haya. Hazijayafuta. Antena nayo husimama juu ya kitu, na Bonde la Ufa, upande wa ziwa Tanganyika na wa ziwa Rukwa, hutanuka milimita chache tu kwa mwaka. Nguzo ikiegama kiasi hicho, mwendo wa bara umepotea. Wengine watasema cha muda hakistahili jasho. Stendi ni ya muda, kipimo si cha muda: kinabaki kwenye ramani na kwenye mpaka wa shamba ambao wajukuu watagombania barazani. Hata hivyo, leo si ajabu kuona miguu mitatu imesimikwa kwenye kifusi kibichi kando ya barabara, kijiwe kimeziba pengo, malori yanapita. Vyuo vyetu vya ardhi viwafundishe vijana kujenga stendi kabla ya kuwakabidhi chombo.