Shahidi ni Nani? Neno juu ya Vyanzo na Tanbihi

Wanachuo wanapoandika insha juu ya historia ya misioni upande wa Kigoma, twakutana tena na tena na habari moja: Henry Morton Stanley alivyomwamkia David Livingstone pale Ujiji, tarehe 10 Novemba 1871. Wengi hawaitii tanbihi. Walio wachache humtaja Livingstone kuwa shahidi. Hapo ndipo penye kosa.

Tarehe hiyo na salamu ile mashuhuri zatoka kwa Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872. Katika shajara yake mwenyewe, ukurasa uliohusu mkutano huo umechanwa. Shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa na Horace Waller mwaka 1874, zauweka mkutano mwishoni mwa Oktoba. Zasimulia jinsi Susi alivyokuja mbio kumpasha bwana wake habari, lakini salamu ile haimo. Kwa hiyo mwanachuo ana haki ya kuandika, "Stanley asimulia." Hana haki ya kumsemesha Livingstone asichokiandika.

Hata kitabu cha Waller chahitaji kupimwa. Livingstone alipokuwa Nyangwe, magharibi ya ziwa, aliishiwa karatasi. Mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai 1871 aliyaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Baadaye aliyanakili katika shajara kubwa huku akibadili maneno, kisha Waller naye akahariri. Maandishi ya awali yalififia, hata yakasomeka tena kwa upigaji picha wa mianga maalumu, yakatolewa mwaka 2011. Tofauti zilionekana. Sisi tunaolinganisha Marko, Mathayo na Luka kila muhula, twawezaje kushangaa? Luka mwenyewe aanza kwa kueleza jinsi alivyochunguza habari zake.

Tena Livingstone alikufa mwaka 1873, naye maiti hasimulii mazishi yake. Habari za siku zake za mwisho, na za safari ya kuupeleka mwili pwani, Waller alizipata hasa kwa Susi na Chuma, waliokwenda Uingereza mwaka 1874. Anayeandika "Livingstone, 1874" kwa kurasa hizo amewanyang'anya Waafrika wawili ushuhuda wao.

Basi twashauri hivi. Mwanachuo asiridhike na kitabu cha kwanza anachokiona rafuni. Aifuate tanbihi yake hadi kilikotoka, na mkutubi aulizwe mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya insha. Ataje kile alichokishika mkononi: mwandishi, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapishwa, na ukurasa. Akipata maneno ya mtu kupitia kwa mwingine, awataje wote wawili. Mzee wa Ujiji akimsimulia jambo, aombe ruhusa, kisha aandike jina, mahali na tarehe; wala asimfiche chini ya maneno "inasemekana".

Wengine huona tanbihi kuwa adha ya walimu. Sisi twaiona kuwa sehemu ya Amri ya Saba na ya Nane, kama tulivyofundishwa katika Katekisimu: tusiibe, wala tusimshuhudie jirani uongo. Na jirani huyo aweza kuwa marehemu asiyeweza kujitetea. Atakayezoea kumsingizia marehemu katika insha, kesho mimbarani atamsingizia nani?