Jumapili za Frank Cole

Siku hizi namba ndefu haimkai mtu kichwani. Hujamaliza kuitaja, mwenzako kashatoa simu, kabonyeza, kapata jibu na kalisahau. Ndiyo maana namkumbuka Frank Nelson Cole, Mmarekani aliyekaa na namba moja mpaka ikamfungukia.

Namba yenyewe ni 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitia kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa. Basi ikajulikana kuwa ina vigawo, ila hapakuwa na aliyeweza kuvitaja.

Oktoba 1903, wanahisabati wa Marekani walikutana New York. Inasimuliwa kwamba Cole alipoitwa alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193707721 mara 761838257287, akazidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari, mpaka majibu ya pande zote mbili yakalingana tarakimu kwa tarakimu. Akarudi kuketi, kimya vilevile. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Nazipenda Jumapili hizo kuliko jibu lenyewe. Fundi huyu hakuwa akipapasa gizani. Alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba ile, ukikigawanya kwa 134, lazima kibakize 1. Ukikigawanya kwa 8, kibakize 1 au 7. Juu ya masharti hayo akaongeza mengine, na kila moja likapunguza namba za kujaribu. Alifanya yote kwa kalamu na karatasi, bila wa kumhakikishia kwamba atafika.

Leo kompyuta huipasua namba hiyo kufumba na kufumbua, na ni jambo jema. Lakini alichokiweka Cole ubaoni, mwanafunzi yeyote aliyekariri jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari lake angeweza kukihakiki mwenyewe. Sisi tunapokea jibu la mashine, na likiwa na kosa hatuna hata pa kuanzia kulitilia shaka. Muuza duka anabonyeza kikokotoo kutafuta chenji ya shilingi mia, na mnunuzi anaipokea bila kuihesabu.

Tunawafundisha watoto kupata jibu upesi, nao wanalipata. Kukosea, kufuta na kurudia mpaka mtu aizoee namba kama jirani yake, hayo hatuwafundishi tena. Na sioni nani atawafundisha, sisi tuliokariri jedwali lile tukishaondoka.