Mwisho Mwema kwa Nani? Hatima ya Hadithi katika Mbano za Kitui na Makueni, Riwaya na Filamu

Utangulizi

Mwisho wa kazi ya fasihi umezoeleka kupimwa kwa hatima ya mhusika mkuu. Akioa, akitajirika au akiwashinda mahasimu wake, kazi husemwa kuwa ina mwisho mwema. Akifa, akifungwa au akirukwa na akili, husemwa kuwa ina mwisho wa huzuni. Kigezo hiki kina usuli mrefu. Katika Poetics, Aristotle anaitukuza tanzia ambayo mhusika wake huondoka katika neema na kutumbukia katika maafa. Mwisho wa pande mbili, ambapo wema hutuzwa na waovu huadhibiwa, anauweka katika daraja la pili, kwa hoja kwamba mtunzi wake anafuata udhaifu wa hadhira.

Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho hakitoshi, na kwamba fasihi simulizi ya Wakamba wa Kitui na Makueni inatoa kingine kilicho kipana zaidi. Kwa kigezo hicho, mhakiki huuliza ni nani wanaorejeshewa walichopoteza, ni ujumbe gani unaofika, na hadhira inaachiwa nini. Baada ya kukibainisha, makala yatakitumia kupimia riwaya na filamu chache za Afrika Mashariki.

Mwisho katika mbano

Mbano, yaani ngano za Wakamba, zilikusanywa mapema na Gerhard Lindblom, mtafiti wa Uswidi ambaye mikusanyo yake ilichapishwa kati ya 1928 na 1935. Baadaye John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966. Mambo matatu katika simulizi za Wakamba yanahusu mada hii moja kwa moja.

La kwanza ni mbano za eimu, zimwi linalomeza watu na mifugo. Katika baadhi yake, zimwi linapokaribia kukata roho huagiza likatwe kidole, na kupitia kidole hicho waliomezwa hutoka wakiwa hai. Shujaa hapati raha ya peke yake. Furaha ya mwisho hupimwa kwa wingi wa wanaotoka, na kijiji kilichokuwa kimekuwa mahame hurudi kuwa kijiji.

La pili ni kisa cha asili ya mauti. Kinyonga anatumwa kuwapelekea wanadamu habari kwamba wakifa watafufuka. Anaanza kusema, anababaika kwa kigugumizi, na kabla hajamaliza ndege anamkatiza na kutangaza kwamba wafao hawatarudi. Huu ni mwisho wa huzuni kuliko yote, kwa kuwa unamhusu kila msikilizaji. Hata hivyo, hakuna mwovu aliyeadhibiwa wala dhambi iliyolipiwa. Huzuni imetokana na ujumbe uliokatizwa njiani.

La tatu ni fomula ya kufungia. Lindblom alinakili fomula ambayo kwayo fanani, hadithi ikiisha, anaitakia hadhira wingi wa wadudu waharibifu katika ghala lake na kujitakia mwenyewe wingi wa ng'ombe katika zizi lake. Inawezekana kudai kwamba huu ni utani tu. Ni utani kweli, lakini katika nchi kame kama Kitui na Makueni ghala na zizi ndivyo vinavyotenganisha shibe na njaa. Kwa utani huo fanani anaiondoa hadhira katika ulimwengu wa mazimwi na kuirejesha katika maisha yake. Hasemi kwamba wahusika waliishi raha mustarehe. Anaacha swali la raha na dhiki mikononi mwa waliopo, na raha yenyewe haijagawiwa sawa.

Mwisho kama adhabu

Kigezo cha mbano hakikutawala fasihi andishi ya karne ya ishirini. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni ya leo, alijipatia wasomaji wengi miaka ya 1970 kwa vitabu vifupi kuhusu ulevi na mapenzi ya mjini. Katika Unfit for Human Consumption (1973), mfanyakazi wa serikali Jonathan Kinama anafuata starehe hadi anaangamia. Msuko huu ni wa mahubiri: msomaji anaonyeshwa dhambi kwa kirefu, kisha anaonyeshwa mshahara wake. Hata hivyo, mwisho huo haukumkinga mtunzi, kwani mwaka 1976 vitabu vyake vilipigwa marufuku nchini Tanzania. Wenye mamlaka walijali zaidi yaliyosimuliwa kabla ya mwisho.

Miongo minne baadaye mzozo uliibuka Kenya kwa njia iliyo kinyume. Filamu ya Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki. Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Kwa maelezo ya mwongozaji, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe uonyeshe majuto, naye akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Jambo la kuzingatiwa ni udogo wa furaha iliyozusha mzozo huo. Wapenzi hao wanapigwa na kutenganishwa. Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, kisha panatolewa dokezo tu kwamba wamekutana tena. Hakuna ndoa wala ushindi. Kilichoudhi ni kwamba ujumbe haukukatizwa.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja, vinafichua udhaifu wa dhana kwamba mwisho wa huzuni ndio wa ukweli na mwisho mwema ni wa kubembeleza. Maangamizi ya mhusika yanaweza kuwa ndiyo faraja anayoitaka mwenye mamlaka.

Vifo viwili vya Kezilahabi

Kigezo cha mbano hutenganisha pia miisho inayofanana kijuujuu. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamfikisha Rosa kwenye kujiua. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto naye anajiua. Wahakiki wengi wameviweka vifo hivi katika fungu moja la ukatishaji tamaa. Lakini kifo cha Rosa kinamrudia mzazi: ukali na ulevi wa Zakaria unabaki ukidai jibu, na msomaji aliye na watoto hawezi kukifunga kitabu bila kuulizwa kitu. Rosa hakurejea, lakini ujumbe wake umefika. Kazimoto anaacha jambo jingine. Ameona maisha hayana maana, na kifo chake kinathibitisha kauli hiyo badala ya kuihoji. Eimu amekufa, lakini hakuna kidole cha kukatwa. Kwa sababu hiyo Kichwamaji ndiyo yenye mwisho mzito zaidi, ingawa idadi ya machozi ingeweza kuwa sawa.

Hitimisho

Supa Modo (2018), filamu ya Likarion Wainaina, inaonyesha kwamba kigezo hiki bado kina uhai. Jo, mtoto mwenye maradhi yasiyotibika, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Jo anafariki. Kwa kipimo cha mhusika mkuu, mwisho ni wa huzuni na mjadala unaishia hapo. Kwa kipimo cha mbano, mjadala ndio kwanza unaanza: mtoto hakurudi, lakini kazi aliyoianza haikukatizwa, na wanakijiji wanakusanyika kuitazama. Hadhira iliyomo ndani ya filamu na hadhira iliyo ukumbini zinaachiwa swali moja, la namna ya kuishi na wale ambao hawatapona.

Haidaiwi hapa kwamba Wakamba pekee ndio wenye kigezo hiki. Zimwi linalomeza watu hupatikana katika ngano za jamii nyingi za Kibantu. Inadaiwa kwamba ufundishaji wa riwaya na filamu umekiacha kando, na mwanafunzi anayetakiwa kueleza iwapo mwisho ni mwema au mbaya huishia kumhesabia mhusika mmoja faida na hasara. Aongezewe swali la waliobaki tumboni mwa zimwi, na la aliyemkatiza kinyonga.