Ushairi wa Kiswahili na Vifaa vya Kusomea vya Wanafunzi Wasioona

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hukumbukwa sana na wapenzi wa Kiswahili, kwani ndicho kilichoifanya lugha hii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ikuze pia Lugha ya Ishara ya Kenya, breli, na teknolojia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Sheria imeyaweka mambo hayo pamoja, taaluma imeyatenga. Suala la vifaa limeachiwa mafundi na walimu wa elimu maalum, na wahakiki wa fasihi wamelinyamazia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa ushairi, kimya hicho kinamnyima mwanafunzi asiyeona kile hasa anachopaswa kufundishwa, yaani umbo la shairi.

Kwa miaka mingi chombo kikuu cha mwanafunzi huyo kilikuwa breli. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona huko Thika mwaka 1946, na mwaka 1951 mashine ya Perkins ya kuandikia nukta sita za breli ilianza kutolewa huko Marekani, ikaenea duniani. Leo pamezuka programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti yaliyomo katika skrini. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006; hutolewa bila malipo, na sauti ya Kiswahili imo miongoni mwa sauti zinazofuatana nayo. Kwa kuwa breli ni nzito na ghali, wapo wanaodai kwamba sauti yatosha.

Madai hayo hupewa nguvu na hoja ya kifasihi. Husemwa kwamba ushairi wa Kiswahili tangu hapo ni wa sikio: kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalihifadhiwa kwa kiasi kikubwa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Hoja hii ina ukweli, lakini haithibitishi inachotaka kuthibitisha. Aliyemsikiliza mghani alisikia mahadhi, na mahadhi ndiyo yaliyomwonyesha mwisho wa kipande na mwisho wa mshororo. Aidha, aliweza kumsimamisha mghani na kumwuliza. Mashine haina mahadhi, wala haijui kwamba inachokisoma ni shairi.

Na utazamwe mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya mfano:

Mwanafunzi anasoma, kwa kidole cha mkono,

Mshororo huu una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Ili kuzipata nane za utao, hapana budi msomaji atambue kwamba ‘m’ ya ‘mkono’ ni silabi kamili, ilhali ‘mw’ ya ‘mwanafunzi’ haisimami peke yake. Kidole kinachopita juu ya breli huweza kurudi na kuhesabu. Sikio linalofuata sauti ya haraka hupata maana ya maneno, lakini hesabu huliponyoka. Na endapo kompyuta imeachwa katika sauti ya Kiingereza, hata maana hupotea. Kina cha kati nacho hutegemea mkato ulio baada ya ‘anasoma’. Ukiondolewa mkato huo, mashine hupita moja kwa moja na kina huzama katikati ya sentensi. Mtihani wa KCSE, katika karatasi ya fasihi, aghalabu humtaka mtahiniwa aeleze vina, mizani na vipande. Aliyesomewa tu huulizwa asichopewa.

Madhara huongezeka pale kitabu kinapopigwa picha na kugeuzwa maandishi ya kompyuta. Vitabu vingi hutenganisha ukwapi na utao kwa nafasi pana. Programu huweza kuidhania nafasi hiyo kuwa mpaka wa safu mbili, ikasoma kwanza kwapi zote za ubeti, kisha tao zote. Mwanafunzi huyo hupokea ubeti ambao mshairi hakuutunga.

Breli nayo haikosi kasoro. Mstari wa mashine ya Perkins una nafasi 42. Mshororo wa mfano hapo juu, ukiandikwa herufi kwa herufi pamoja na alama ya herufi kubwa, mikato na nafasi baina ya maneno, hujaza nafasi 42 kamili. Ukisogezwa ndani au ukitiwa nambari ya ubeti, neno la mwisho, ambalo ndilo lenye kina, huanguka mstari wa pili na kuonekana kama mshororo mwingine. Kadhalika, programu ya breli ikiachwa katika vifupisho vya Kiingereza, ‘en’ ya ‘wenu’ huwa alama moja, ingawa ‘e’ ni ya silabi ya kwanza na ‘n’ ni ya silabi ya pili.

Kasoro hizi zina dawa, na dawa hiyo imo katika historia ya ushairi wenyewe. Waandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitia alama baina ya kipande na kipande, wala hawakumwachia msomaji abahatishe. Breli yahitaji kanuni kama hiyo: ushairi uandikwe bila vifupisho, mkato usikose mwisho wa ukwapi, na mshororo usiotosha mstari ukatwe hapo tu, utao uanze mstari wa pili ukiwa umesogezwa ndani. Sauti ibaki kuwa mwenzi wa breli, isiwe badala yake.

Kizuizi cha hakimiliki kimekwisha kulegezwa na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, na ambao unaruhusu vitabu vinakiliwe kwa ajili ya wasioona. Lililobaki ni usahihi wa nakala zenyewe. Fundi hawezi kulaumiwa kwa kutojua mahali kina kinapokaa. Wanaojua ni walimu wa ushairi, na wao ndio wanaopaswa kuiandika kanuni hiyo.