Mti Ule Haukukataza Shule

Binti mmoja wa darasa la Kipaimara alituuliza: ikiwa Mungu aliwakataza Adamu na Hawa mti wa ujuzi, mbona usharika unachangia karo za shule? Tulimjibu haraka kwamba mambo mengine ni ya kumwachia Mungu. Akanyamaza. Baadaye tuliona kwamba jibu lile lilitulinda sisi, halikumsaidia yeye.

Tukisoma kwa utulivu Mwanzo sura ya 2 na ya 3, kosa la mahubiri yetu linaonekana. Tumezoea kulifupisha jina. Mti ule ni wa ujuzi wa mema na mabaya. Kabla nyoka hajasema neno, Adamu alikwisha kupewa bustani ailime na kuitunza, na wanyama awape majina. Hiyo ni kazi ya akili. Basi kutokuwa na hatia kwao hakukuwa ujinga. Kulikuwa kumtegemea Mungu bila kumshuku. Nyoka aliwaahidi kuwa kama Mungu, yaani wajiamulie wenyewe lipi jema na lipi baya. Macho yakafumbuka, na cha kwanza walichokitambua ni uchi wao.

Luther, katika mihadhara yake juu ya Mwanzo aliyoianza mwaka 1535, aliuona mti huo kuwa kama kanisa la Adamu, mahali pa kumheshimu Mungu kwa kutii. Ni huyo huyo aliyewaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524, akiwasihi waanzishe shule. Kwake mambo haya mawili hayakugombana.

Babeli nayo tunaihubiri vibaya, kana kwamba Mungu alichukia ujenzi. Katika Biblia yetu, lami ilipakwa safina ya Nuhu, na lami ilishika matofali ya mnara. Safina ilijengwa kwa agizo la Mungu, ikaokoa uhai; mnara ulijengwa ili wajenzi wajipatie jina. Mpaka, basi, uko katika nia: tunajua na kujenga kwa ajili ya nani?

Wapendwa, swali hilo linatuhusu hata sisi wachungaji, ambao mara nyingine tunatetea jina letu tukidhani tunamtetea Mungu. Binti yule tunadaiwa naye jibu. Tutamrudia, tumwombe radhi kwanza, kisha tufungue Mwanzo na kusoma pamoja naye.