Mkono Kwenye Mshale

Kisii na Nyamira wapo watu ambao redio kwao si ya muziki wala ya matangazo ya vifo. Egesa FM, stesheni ya Kigusii, wanaipata bila jasho, kama jirani yao yeyote. Wao husaka stesheni za mbali, zile zinazopigwa na anga zikarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka zilikorushwa. Waliokulia masafa mafupi wanajua mataifa yalivyogombea masikio yetu: BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Redio Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Baadaye China ikafungua FM yake Nairobi mwaka 2006, na mitambo ya Deutsche Welle kule Kigali ikazimwa 2015. Stesheni zimepungua. Ufundi wa kuzisikiliza haujapungua thamani hata kidogo.

Ubishi wa wasakaji hawa ni huu: redio ya zamani yenye mshale, au ya dijitali yenye namba? Mimi nina upande. Anayetaka kujifunza kusikiliza, aanze na ya mshale.

Dijitali ina haki yake, tena kubwa. Unabonyeza 11735, kilohezi ambazo Zanzibar imezitumia miaka mingi, na kama sauti ipo utaipata hapohapo. Kwenye redio ya kale, unene wa mshale peke yake unaweza kufunika stesheni kadhaa. Isitoshe, redio hizo nyingi huonyesha stesheni moja mahali pawili: hiyo ya 11735 inaweza kusikika tena mshale ukiwa karibu na 10825, kivuli tupu, na mgeni akaapa amegundua stesheni mpya.

Lakini redio nyingi ndogo za dijitali zimefunzwa adabu isiyofaa kwa kazi hii. Mawimbi yakidhoofika, zinajipunguza sauti ili mwenyewe asikerwe na mvumo. Stesheni ya mbali nayo haiji kwa mkupuo; huinuka, huzama, huinuka tena, na mara nyingi jina lake hutajwa wakati imezama. Redio ya mshale haikuamulii cha kusikia. Inakumwagia vyote, mvumo na sauti, na sikio lako ndilo linalochambua.

Milimani kwetu kuna mengi ya kuchambua. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria hupanda huku juu, mawingu yakafura, ngurumo zikaanza. Usiku radi huhamia juu ya ziwa lenyewe. Kila radi hutoa mawimbi yake, na kwenye masafa ya kati husikika kama mkwaruzo. Msikilizaji mzoefu hutenga mpasuko mkali wa radi ya karibu na mchakacho wa radi za mbali, akajua wakati wa kuendelea na wakati wa kuchomoa waya wa antena uliofungwa kwenye mkaratusi. Tena auchomoe mapema, maana radi za Kisii zimeua watu.

Adui mwingine ni vifaa vya stima. Taa za LED na chaja za bei rahisi hujaza masafa kwa mngurumo usiokoma. Stima ikipotea kijiji kizima, majirani wakinung'unika, msakaji hukimbilia redio yake ya betri: masafa yametulia, na stesheni zilizokuwa zimefunikwa zinaibuka moja baada ya nyingine.

Redio ya kale ina sifa nyingine ninayoipenda kuliko zote: fundi anaweza kuifungua akaielewa. Mtazame akirudisha uzi wa mshale. Anauzungusha kwenye gurudumu, anaupitisha kwenye roda ndogo za pembeni, anaukaza kwa springi. Ukilegea mshale unateleza, ukikazwa mno unakatika. Kisha anapanga masafa. Chini kabisa ya kipimo anagusa kiini cha koili, kile kilichozibwa kwa nta. Juu kabisa anagusa kondensa ndogo. Akirekebisha huku, kule kunahama kidogo, kwa hiyo anakwenda na kurudi mpaka ncha zote mbili zikubaliane. Bisibisi yake ni ya plastiki, kwa kuwa chuma kikikaribia koili, stesheni inahama. Kazi hiyo huifanya kwa sikio, na ni haki kuiheshimu kama tunavyomheshimu mchongaji wa mawe wa Tabaka, hapa Kisii. Redio ya dijitali ikiharibika ile chipu moja iliyobeba kila kitu, fundi huyohuyo hana pa kushika.

Hata hivyo sisemi redio ya namba itupwe. Iweke kando ya ile ya kale, kwa sababu redio ya mshale, inapopokea, hutoa mawimbi yake hafifu, kwa kawaida kilohezi 455 juu ya pale ilipo. Weka ya dijitali kwenye 12190, kisha zungusha ya kale polepole. Mvumo wa dijitali ukizimika ghafla kwa ukimya mzito, mshale umefika 11735 kamili. Tia alama ya penseli kwenye kioo, kisha hamia stesheni inayofuata.